Puto, viatu, daftari au Kirikou: uwawekee watoto filamu ipi?

Shule zikifungwa tu, hapa Mwanga, Kigoma, swali ni lile lile. Watoto wameshakariri katuni zote za kwenye flashi, muvi za kutafsiriwa zimejaa ngumi na risasi, na mvua haiwaruhusu kutoka. Tuwawekee nini? Mimi huwatajia wazazi wenzangu filamu ambazo kijana wa kuingiza muvi kwenye flashi hajawahi kuzisikia: mbili za Irani, moja ya Ufaransa iliyotoka Tanganyika haijapata uhuru, na katuni moja ya mtoto anayezaliwa akiwa anaongea. Hapo muulizaji hunitazama kama nimemshauri ale mgebuka kwa jamu.

Simlaumu. Mara ya kwanza hata mimi niliweka huku nimeshika rimoti, tayari kubadilisha. Kilichonishangaza ni kwamba watoto hawakuuliza filamu imetoka wapi. Waliuliza kama yule mtoto atapigwa akirudi nyumbani.

Nadhani ni kwa sababu mtoto wa kwenye filamu hizi yuko kwenye shughuli wanayoijua. Ametumwa viazi, ametumwa mkate, anarudisha kitu cha watu. Mtoto wa Kigoma anatumwa kutwa nzima: kamletee bibi mawese, kaangalie Kibirizi kama dagaa wameshuka, rudisha sufuria ya watu. Anajua kwamba njiani kuna mbwa wa nyumba fulani, kuna mzee atakayekusimamisha akuulize wewe ni wa nani, na kuna chenji inayoweza kudondokea mtaroni. Kwake hiyo ni safari kamili, na ni mara chache kuona filamu inayoichukulia hivyo.

Zenyewe ni hizi

Ya kwanza naiita Puto. Itafute kwa jina la Le Ballon rouge au The Red Balloon, ya Albert Lamorisse, 1956. Pascal, mtoto wa Paris, anakuta puto kubwa jekundu limefungwa kwenye nguzo ya taa. Anapanda, analifungua, na puto linaanza kumfuata kama mbwa. Aliyeigiza ni mwanawe Lamorisse mwenyewe.

Ya pili ni Kirikou, yaani Kirikou et la sorcière, katuni ya Michel Ocelot ya mwaka 1998, muziki wa Youssou N'Dour. Ocelot aliishi Guinea utotoni, na hadithi ameichota kwenye ngano za Afrika Magharibi. Kijiji hakina maji, wanaume wametoweka, na kila mtu anamwogopa mchawi Karaba isipokuwa kitoto kimoja kisichofika hata magotini mwa mtu.

Ya tatu ni Viatu: Children of Heaven ya Majid Majidi, 1997. Ali ametoka kwa fundi viatu na viatu vya mdogo wake Zahra, anapitia viazi dukani, na mpita njia anayekusanya makorokoro anavizoa bila kujua. Baba hana hela. Kaka na dada wanaamua kuvaa raba za Ali kwa zamu, siri yao wawili. Hii ndiyo filamu ya kwanza ya Irani kuingia kwenye orodha ya kuwania Oscar ya filamu za kigeni.

Ya nne ni Daftari: Where Is the Friend's House? ya Abbas Kiarostami, 1987. Ahmad, wa kijiji cha Koker kaskazini mwa Irani, amebeba kwa bahati mbaya daftari la mwenzake wa dawatini. Madaftari yao yamefanana. Mwalimu ameshaapa kumfukuza huyo mwenzake iwapo atakosa tena kuandika kazi yake humo. Rafiki anakaa kijiji kingine, na Ahmad hajui nyumba ni ipi.

Nazipima kwa nini

Kwa mambo manne. Kwanza lugha, kwa sababu nakala nilizozipata zote hazina sauti ya Kiswahili, na mtoto wa darasa la pili hawezi kukimbizana na maandishi ya chini, tena ya Kiingereza. Pili, safari yenyewe: mtoto anakwenda wapi, na mtazamaji mdogo atajiona humo? Tatu, vitu vya kutisha, vya kuliza na vya kuleta aibu mbele ya wageni. Nne, muda na subira. Tuzo siziweki kwenye mizani. Mtoto wa miaka sita hajui tamasha la filamu la Cannes ni kitu gani.

Lugha

Wengi wetu tulikulia kwenye vibanda umiza ambako filamu haikuwa na maana bila mtu wa kuitafsiri juu kwa juu. Akina Lufufu walifanya kazi hiyo mpaka wakawa maarufu kuliko waigizaji. Sasa ukichagua moja ya filamu hizi, jua kwamba Lufufu wa sebuleni ni wewe. Swali ni utafanya kazi kiasi gani.

Kwenye Puto, karibu hakuna. Maneno ni ya kuhesabu na hakuna unalokosa ukiyapuuza. Mtoto wa miaka minne na mjomba mwenye digrii wanaelewa sawasawa, na mara nyingine mtoto anatangulia.

Kirikou inaongea sana, tena kwa hoja. Kitoto kile kinauliza kila mtu kwa nini Karaba ni mbaya, na majibu ndiyo hadithi yenyewe. Usipotafsiri, watabaki na picha nzuri tu. Lakini sisi wa Kigoma tuna bahati moja: Kifaransa hakiko mbali. Mtaani hakosekani mtu aliyesoma Bujumbura au ng'ambo ya ziwa. Mimi nilimwomba jirani yetu mmoja aliyetokea Uvira, akaketi kwenye stuli kando ya skrini na kutafsiri kwa Kiswahili chao cha Kongo. Filamu inaanza mtoto akiwa bado tumboni, anamwambia mama yake amzae. Mama anamjibu kwamba mtoto anayeongea akiwa tumboni anajizaa mwenyewe. Basi anajizaa, anajitaja jina, anaomba aogeshwe, naye mama anamwambia ajioshe. Jirani alipoiga ile sauti ndogo, watoto walimrudishisha mwanzo mara tatu. Mpaka leo wakimwona barabarani wanamwita Kirikou.

Viatu ni Kiajemi, lakini mambo makubwa yanasemwa kwa macho na kwa miguu. Unahitaji kutafsiri sehemu chache: mazungumzo ya baba na mama kuhusu kodi ya nyumba, na usiku ule Ali na Zahra wanapoandikiana kwenye daftari ili wazazi walio chumba hicho hicho wasisikie. Hapo watoto hukaa kimya wenyewe, maana nao wana siri zao za namna hiyo.

Daftari ina maneno mengi kwenye skrini, ila kwa mtafsiri ni nyepesi kuliko unavyodhani, kwa kuwa Ahmad anarudia lile lile kwa kila mtu na hakuna anayemsikiliza. Mama anamwambia afanye kazi yake ya shule, yeye anasema daftari, mama anamwambia akalete mkate, anasema daftari. Neno lenyewe kwa Kiajemi ni daftar. Binti yangu wa darasa la tatu aliligundua baada ya dakika kumi, akaruka kwenye mkeka: "Baba, wanaongea Kiswahili!" Tangu hapo alikuwa akiwinda maneno, na kazi yangu ikapungua.

Safari ya mtoto

Kwa upande huu Viatu ndiyo iliyonishinda kuieleza kwa maneno machache, acha nirefushe.

Zahra anasoma asubuhi, Ali mchana. Shule zetu zenye zamu mbili zinafanya mtoto wa hapa asihitaji maelezo hata kidogo. Zahra akitoka darasani anakimbia na raba za kaka yake zinazompwaya, Ali anamsubiri kwenye kichochoro, wanabadilishana raba na kandambili, na Ali anaondoka mbio akiwa tayari amechelewa. Mwalimu mkuu yuko getini. Kesho tena. Hakuna jambazi wala joka. Kuna saa tu. Nimewahi kukaa kwenye muvi za mabomu nikipiga miayo, lakini zile mbio za kichochoroni zilinikaza misuli.

Halafu kuna mtaro. Siku moja raba inamchomoka Zahra mguuni na kutumbukia kwenye mfereji wa maji unaopita kando ya njia. Maji yanaibeba. Anaifuata, anainama, inamponyoka, inaingia chini ya daraja dogo. Sebuleni kwangu siku hiyo walikuwa watoto tisa. Mdogo kuliko wote alisimama bila kujijua, mkono ameunyoosha kuelekea skrini, akapiga kelele, "Zuia mbele! Zuia kule mbele!" Mtoto wa Mwanga anajua mtaro wenye maji unakimbilia wapi: kitu kikishapita kalavati, kimekwenda ziwani. Kaka yake alimvuta gauni akae, lakini naye alikuwa amenyanyua makalio.

Daftari ina mbio pia, za aina nyingine. Ahmad anapanda kilima kwa njia iliyopindapinda kama herufi Z, juu kuna mti mmoja, anashuka upande wa pili hadi Poshteh, kijiji cha rafiki yake, anauliza, anaambiwa siye, anarudi, anapanda tena. Wakubwa wanamkwamisha kila hatua. Babu yake anamwagiza sigara wakati anazo mfukoni, eti kumfundisha utii. Mtoto aliyewahi kusimamishwa na mzee barazani huku ametumwa mbali ataiona filamu hii kama inamhusu yeye binafsi. Asiyependa kungoja ataona mtu anapanda kilima tu.

Kirikou ndiyo yenye matukio hasa: kujipenyeza kwenye handaki chini ya ardhi, mnyama aliyejificha kwenye chemchemi akinywa maji yote, safari hadi kwa babu mwenye hekima ndani ya mlima. Kuna mahali watoto wa kijiji wanapanda mtumbwi mzuri wasiojua umetoka wapi, na mtumbwi unaondoka nao wenyewe. Kwa watoto wanaocheza ufukweni tukio hilo linafanya kazi ambayo makemeo yangu ya miaka mitatu hayajaifanya.

Puto ni matembezi. Pascal anakatazwa kupanda basi na puto lake, anakwenda kwa miguu, mvua ikinyesha anaomba hifadhi chini ya miavuli ya wapita njia ili puto lisilowe. Yeye alowe, sawa. Ni kitu kidogo sana, na ni kizuri sana.

Vya kutisha, vya kuliza, vya kuona aibu

Tuanze na aibu, maana ndiyo inayoulizwa kwa kunong'ona. Katika Kirikou mtoto yuko uchi mwanzo mpaka mwisho na wanawake wa kijiji wako vifua wazi. Uingereza na Marekani wasambazaji walilalamikia hilo. Mimi sioni ubaya. Ni katuni, na mama anayenyonyesha si kitu kigeni kwetu. Lakini kama bibi mkali au ustadhi wa mtoto atakuwepo, ni bora ujue kabla ya kuwasha. Karaba na vinyago vyake vinavyotembea vinatisha walio chini ya miaka mitano. Baadaye inajulikana ana mwiba wenye sumu mgongoni, na hofu inageuka huruma.

Puto inaliza. Kundi la wavulana linaliwinda lile puto kwa mawe na manati mpaka linanywea. Mpwa wangu alilia kwa kwikwi, na ikabidi nimshike nikimwambia ngoja, ngoja. Dakika moja baadaye maputo yote ya Paris yanakuja kumfuata Pascal na kumnyanyua juu ya paa za nyumba, na machozi yakakauka kwa kasi ya ajabu. Usizime kabla ya hapo hata kama mlango unagongwa.

Viatu haina damu wala jini. Ina umaskini, na umeonyeshwa kwa heshima. Baba anavunjavunja sukari ya msikiti nyumbani, na chai yake haiwekei hata punje kwa kuwa sukari ile ni amana. Kwa familia za Ujiji hapo ni mazungumzo ya jioni nzima. Shida yake ni mwisho. Ali anaingia mbio ndefu akitaka mshindi wa tatu, kwa sababu zawadi ya wa tatu ni raba, na kwa bahati mbaya anakuwa wa kwanza. Filamu inaisha akiwa ameingiza miguu yenye malengelenge kwenye maji, samaki wadogo wakiizunguka. Wangu walinigeukia: "Imeisha?" Dawa ni moja. Muda mfupi kabla ya hapo inaonyeshwa baiskeli ya baba, kwa sekunde chache tu, na kilichobebwa pale ndicho jibu. Waambie mapema waikodolee macho baiskeli.

Daftari haitishi, isipokuwa upepo na mbwa wa usiku. Inachoma kwingine. Mwalimu anachana karatasi za mtoto mbele ya wenzake. Babu anajisifu jinsi alivyopigwa utotoni kila baada ya wiki mbili, kosa lisiwepo. Watoto wangu walicheka kwa wasiwasi, kisha wakanitazama mimi. Jiandae.

Muda na subira

Puto ni dakika 34. Kirikou ni saa moja na robo hivi, Daftari dakika 83, Viatu dakika 89. Kwa dakika tu tofauti si kubwa, ila Daftari inahisiwa ndefu kuliko zote na Kirikou inahisiwa fupi.

Onyo moja linalotokana na usiku nilioaibika. Niliagiza Puto, nikaletewa filamu nyingine kabisa yenye jina la kukaribiana, iliyotengenezwa mwaka 2007 kwa heshima ya ile ya zamani. Ni ya watu wazima, karibu saa mbili. Watoto saba wakalala mmoja baada ya mwingine kama dagaa kwenye turubai. Kabla ya kulipa, angalia mwaka 1956 na urefu. Kirikou nayo ina ndugu zake waliofuata, wa 2005 na 2012. Anza na ya 1998, maana huko ndiko anakozaliwa.

Kwa hali yako

Umejaza watoto wa mtaa mzima, wa chekechea hadi darasa la saba, na huna nguvu za kutafsiri: Puto. Hata jenereta ya kuazima inaimudu. Wa darasa la saba wataanza kwa kuidharau, waache.

Una kaka na dada wanaogombana kutwa, au watoto wanaoanza kuona haya kwa viatu vyao wakilinganisha na vya wenzao: Viatu, kuanzia miaka saba hivi. Mngoje usiku wa mbalamwezi kama baba ni mvuvi wa dagaa, ili naye awepo nyumbani. Ni filamu ya baba pia.

Unaye jirani au shangazi anayejua Kifaransa na anayependa kuigiza sauti, na watoto wamezoea katuni zenye mambo mengi: Kirikou haitakuangusha. Bila mtu huyo, iahirishe mpaka umpate. Kwa wanaokaa karibu na maji na kupenda mitumbwi ya watu, ningeitanguliza.

Daftari ningempa mtoto mmoja au wawili, wa miaka minane kwenda juu, wale wakimya wanaobeba mambo moyoni, au yule anayekuja kukusimulia kesi ya mwenzake darasani kama vile ni yake. Haifai kundi. Pia inamfaa mzazi anayetaka kutazama kwa ajili yake mwenyewe na kusingizia watoto. Mwaka 1990 tetemeko kubwa lilipiga eneo lile la Koker, na Kiarostami alirudi kuwatafuta wale wavulana, safari ambayo nayo akaitengenezea filamu. Mtoto mkubwa akikuuliza Ahmad yuko wapi sasa, una pa kuanzia.

Na umeme ukikatika katikati ya Daftari, usiwasimulie yaliyobaki. Kwetu ulikatika Ahmad akiwa njiani usiku na yule mzee fundi milango, daftari bado kifuani. Walilala wakibishana. Saa kumi na mbili asubuhi nilisikia sauti ya Kiajemi sebuleni, chai haijawekwa hata jikoni.